Gari Lililougua Macho

Kumtaja Bwana Usukani kwa mkato ni utovu wa adabu, kwa hiyo atajwe kamili. Ni Bwana Usukani, mwana wa Fundi Baiskeli, mjukuu wa Msukuma Mkokoteni. Ukoo wa magurudumu huo, na kila kizazi kiliongeza lake: babu alisukuma, baba akaziba pancha, mwana akakaa kitako na kushika usukani. Ndiye aliyeleta gari la kwanza mtaani. Ndiye aliyelipitisha getini siku ya kwanza akaigonga nguzo, na siku ya pili akaigonga nguzo ile ile, kisha akaamuru ing'olewe kwa kuwa haikuwa na adabu. Ndiye aliyewafundisha majirani kwamba gari haliwashwi, huamshwa. Wala haliegeshwi, hulazwa. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha mbao hadi alipostaafu, na hakuwahi kupoteza msumari, wala kupotea njia, wala kumwomba mtu radhi. Shahidi wa hayo yote ni yeye mwenyewe, na shahidi gani zaidi anatakiwa?

Mkewe hakuwa na sifa ndefu hivyo. Alizaa, akalea, akafua, akapika, na siku za safari akakaa kiti cha pembeni ya dereva na mkoba wake mapajani. Mumewe alimbandika jina la Redio, akimwita hivyo mbele ya majirani na mbele ya mawifi, kwa sababu mwanamke huyo akiingia tu garini mdomo unafunguka, na hakuna kitufe cha kuuzima.

"Nyumbani ni mtulivu kama maji ya mtungi," Bwana Usukani aliwaambia watu. "Mwingize garini sasa! Mara fulani anavuka, mara kuku wa fulani, mara shimo la fulani. Nimevumilia. Mwanamume ni kuvumilia."

Watu walimpa pole kwa uvumilivu wake. Mkewe naye alimpa pole, kimoyomoyo.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bwana Usukani aliamsha gari. Aliondoa turubai taratibu kama anayemfunua mtoto mchanga, akalikunja kwa mikunjo anayoijua yeye, akainua boneti. Kulikuwa na kikombe cha kuongezea maji kwenye rejeta, na ole wake mgeni atakayekinywea. Kisha ikaja ibada ya oili: anachomoa kijiti cha kupimia, anakifuta, anakichovya, anakichomoa tena na kukiinua kuelekea mwanga. Kitambaa cha kufutia kilikuwa kipande cha shati lake la harusi, kwa sababu pamba ya siku hizi, alisema, inaacha nyuzi. Mkewe, ambaye harusi hiyo alihudhuria pia, hakuulizwa.

Siku za karibuni ibada hiyo ilikuwa imebadilika kidogo. Bwana Usukani alikiinua kijiti, akakisogeza karibu na pua, akakigeuza huku na huku, halafu akaita, "Redio! Hebu njoo, tuone kama wanawake nao hujifunza kitu. Oili imefika wapi?"

"Alama ya juu, bwana."

"Vizuri. Nilikuwa nakupima."

Na kila asubuhi akampima. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya mitihani mingi hivyo na kufaulu yote bila kupewa cheti.

Ukweli ni kwamba gari lilikuwa limeugua macho. Hivyo ndivyo Bwana Usukani alivyoligundua tatizo. Asubuhi moja alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni, akatangaza kwamba linaanza kuona ukungu. Akalipeleka kwa fundi wake wa siku zote, yule anayeitwa Fundi Kesho, kwa kuwa hakuna gari lililowahi kutoka gereji yake leo.

"Waipa zimechoka, mzee," alisema Fundi Kesho.

Zikabadilishwa waipa. Ukungu ukabaki. Taa nazo zikaonekana zimefifia, zikabadilishwa. Vikafuata vioo vya pembeni, na mwisho kioo cha mbele chenyewe, kizima, kisicho na hata mkwaruzo, kikang'olewa na kuwekwa kingine kilichofanana nacho kama pacha. Na hapa ndipo pa kustaajabia: fundi aliyeweza kukaa na plagi moja hadi mwenye gari akasahau rangi ya gari lake, alijua ghafla kwamba kazi za macho humalizika siku hiyo hiyo.

"Mzee, jicho lako ni kali," alimwambia, huku akipangusa kioo kipya. "Wengine wasingegundua kabisa kwamba kile cha zamani kina kasoro."

"Hawana uzoefu," alijibu Bwana Usukani, kilemba cha ukoka kimemkaa sawasawa kichwani.

Mkewe alilijua jicho lenye ukungu, na halikuwa la gari. Alikuwa ameliona mezani, mchana kweupe, mumewe alipokuwa akipapasa akitafuta kijiko kilichokuwa mbele yake. Katikati ya mboni palikuwa na weupe, kama tone la maziwa. Jicho la pili lilikuwa linamfuata mwenzake. Alimwambia siku hiyo hiyo, kwa upole, kwamba waende wakapime macho.

"Macho yangu?" Bwana Usukani aliweka kikombe chini, nusu juu ya sahani na nusu hewani. "Mimi niliyeona msumari mmoja ukipungua katika stoo nzima? Kapime wewe, unayeona magonjwa yasiyokuwepo."

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Lakini wahenga hawakusema lolote juu ya mficha maradhi anayeendesha gari, ambaye kifo kikija kumuumbua huumbua na waliokuwa wakivuka barabara. Mkewe akafikiri. Angepiga kelele, angeambiwa anamvunjia mume heshima. Angekataa kupanda, bwana angekwenda peke yake. Basi akapanda, akafungua mdomo, na redio ikaanza kutangaza.

"Yule pale kwenye kona si mke wa seremala? Anavuka bila hata kutazama, maskini, na mzigo kichwani. Haya, ameshavuka. Ee, na hilo shimo la mbele ya duka la vitabu halijazibwa tu! Linazidi kuja katikati. Watu wa kushoto wana raha, kushoto ni pazuri."

Na gari likapunguza mwendo kwa mke wa seremala, likapita kushoto ya shimo, na dereva wake akaguna, "Mwanamke, hunyamazi?" Hawakugonga hata kuku. Watu wakasema, tazama mzee yule anavyoendesha kwa makini. Debe tupu haliachi kuvuma, akasema mwenyewe kuhusu mkewe, huku debe hilo likimwelekeza pa kukata kona.

Mambo yangeendelea hivyo hadi siku ya siku, lau si kitinda mimba wao. Huyu alikuwa dereva wa van ya kusambaza mikate ya kiwanda fulani. Baba yake hakuwahi kumruhusu kugusa gari la nyumbani, kwani van ya mikate, alisema, si gari, ni kabati lenye magurudumu. Jioni ya Ijumaa binti huyo alikuja na mwanawe, mtoto wa kike aliyekuwa amepangiwa kuanza darasa la kwanza. Alikuwa mtoto mpole, wa kujibu kwa kutikisa kichwa. Ukimuuliza mambo matatu, anatikisa kichwa mara tatu na mazungumzo yamekwisha.

"Baba, nimebadilishiwa zamu," alisema binti. "Kuanzia Jumatatu natoka alfajiri. Utaweza kumpeleka mjukuu wako shuleni?"

Bwana Usukani alivimba hadi vifungo vya shati vikamwonea huruma. "Kuweza? Mtoto atashuka getini kama binti wa waziri!"

"Nitamshika mkono nyuma," alisema mkewe upesi.

"Hapana. Wewe utabaki. Mtoto anakwenda kusoma, anahitaji utulivu kichwani. Asubuhi yote redio, ataandika nini huko? Mimi na mjukuu wangu, peke yetu, kimya. Si ndiyo, mama?"

Mtoto akatikisa kichwa.

Bibi yake aliiona Jumatatu kama anayeitazama kwa dirisha: gari linatoka getini, ndani yake macho mawili ya maziwa na mdomo mmoja usiosema. Alimvuta binti yake jikoni, akafunga mlango.

"Baba yako haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni! Barabara haioni. Mimi ndiye ninayemwonea."

Binti akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka kazini. "Mama jamani. Mwaka mzima amekuendesha, sijasikia hata mkwaruzo. Gari limewekwa vioo vipya na taa mpya. Au hutaki tu kuachwa nyumbani? Sema ukweli."

Hayo ndiyo malipo ya kazi iliyofanywa vizuri. Ukimzuia mtu asianguke, utaulizwa ni lini alianguka. Mama mtu hakubishana. Alisuuza vikombe, akavipanga, na alipomaliza alikuwa ameshakata shauri. Kama hawakuamini redio ikisema, basi wataisikia ikinyamaza.

Jumamosi asubuhi alipendekeza wote wanne waende kuchukua sare ya mtoto kwa mshona nguo. Njia aliichagua mwenyewe: ile ya nyuma ya kiwanda cha mbao, isiyo na watu siku ambazo mashine zimezimwa, ambako kitu pekee cha kugonga ni lundo la unga wa mbao. Alimfunga mjukuu mkanda mara mbili, akamkalisha nyuma pamoja na mama yake. Kisha akakaa mahali pake, akaweka mkoba mapajani, na mkono mmoja akauteremsha taratibu hadi kwenye breki ya mkono.

"Leo nimefunga mdomo, bwana," alisema. "Betri imekufa."

"Mungu si Athumani!" Bwana Usukani akapiga usukani kofi la furaha. "Hatimaye!"

Wakatoka. Gari likaenda vizuri mwanzoni, kwa sababu njia ilikuwa imenyooka na njia iliyonyooka humsaidia kila mjinga. Penye kona kidogo, Bwana Usukani hakupinda. Alilipandisha gari kwenye lundo la unga wa mbao, likayumba kama mlevi, likashuka upande wa pili likiwa limejipaka vumbi hadi masikioni.

"Barabara imeharibiwa hii," alisema. "Nitaandika malalamiko."

Mkewe kimya. Nyuma, binti akanyoosha shingo.

Mbele kidogo palisimama pipa kando ya njia. Bwana Usukani akapunguza mwendo, akapunga mkono. "Shikamoo mzee!" Pipa halikuitikia. "Watu wamekuwa na maringo siku hizi," alisema, akaongeza moto.

"Baba," aliita binti.

"Kimya! Leo ni siku ya kimya."

Hapo ndipo mchuuzi wa mayai alipotokeza kwenye kichochoro na baiskeli yake, trei zimepangwa nyuma hadi juu ya kichwa chake. Alilitazama gari, akaona dereva anamkazia macho moja kwa moja, akaamini kwamba ameonekana. Akaanza kuvuka. Gari halikupunguza mwendo. Mkono wa mke ukapanda na breki ya mkono kwa nguvu zote za mwanamke aliyekamua nguo za watoto wanane. Gari likapiga kelele, likaruka, likazima. Pua yake ilisimama kwenye tairi ya baiskeli, imeigusa kama anayebisha hodi. Yai moja likateremka kutoka trei ya juu, likapasuka kwenye boneti ile iliyong'arishwa asubuhi.

Bwana Usukani hakuliona yai. Alimsikia tu mtu akimtaja mama yake.

"Klachi," alisema kwa utulivu mkubwa. "Klachi imeanza tena. Nitamwambia Fundi."

Mchuuzi akaondoka akitetemeka na kutukana kwa zamu. Binti alikuwa amemkumbatia mtoto wake, amebana midomo. Aliangalia mkono wa mama yake juu ya breki, halafu akaangalia kisogo cha baba yake. Sasa hakucheka tena.

"Mama," alinong'ona, "sema basi."

Mama hakusema. Duka la mshona nguo lilikuwa pale pale mbele, na gari liliingia mtaa wake likitambaa. Nje ya mlango, mshona nguo alikuwa ameweka sanamu ya kuvalishia nguo: shati jeupe, kofia ya bluu, na mkono mmoja umenyanyuliwa juu ili wateja waone mshono wa kwapa.

Bwana Usukani akakanyaga breki. Akazima gari. Akateremsha kioo, akakohoa kwa heshima.

"Jambo, afande."

Afande hakujibu.

"Najua, najua. Nilikuwa na mwendo kidogo. Ni hawa wanawake, afande, wana haraka ya sare." Akatoa leseni mfukoni, akainyoosha nje ya dirisha. "Hii hapa. Tangu niipate sijawahi kugonga mtu. Uliza popote."

Mkono wa sanamu ukabaki juu. Wapita njia wawili wakasimama. Bwana Usukani akamwinamia mkewe, jasho limemtoka. "Amekasirika huyu," alinong'ona. "Redio, mwambie neno. Wewe unajua kuongea na watu."

Mshona nguo akatoka, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Alimtazama mzee, akaitazama leseni, akaitazama sanamu yake.

"Mzee," alisema, akitoa pini, "huyo hana mamlaka. Kama umelipenda shati, karibu ndani."

Wapita njia wakaangua kicheko. Bwana Usukani alinyoosha mkono zaidi, leseni bado imo vidoleni, hadi akagusa mkono wa shati. Akaubonyeza. Ulikuwa mgumu, wa mbao. Na mbao, baada ya miaka yake yote kiwandani, alizijua kwa kugusa tu. Mkono ukarudi ndani ya gari polepole.

Mkewe alikuwa na maneno mengi aliyoyaandaa tangu Ijumaa. Aliyapanga vizuri, la kwanza lilikuwa linaanza na nyani asiyeona kundule. Alimtazama mumewe akijaribu kurudisha leseni mfukoni na kuukosa mfuko, mara moja, mara ya pili, na maneno yale yote yakaisha ladha. Akaichukua leseni, akamtilia mfukoni mwenyewe.

"Mbele yetu kuna sanamu," alisema kwa sauti yake ya kila siku. "Nyuma yake mlango wa duka, wa kijani. Watu wawili wanacheka, hawana kazi. Mjukuu wako hajambo. Binti yako analia kidogo. Na kwenye boneti kuna yai."

Bwana Usukani akanyoosha shingo kuelekea boneti.

"Yai," alisema Bwana Usukani.

"Lililopasuka. Klachi yako ilikuwa mtu mwenye baiskeli."

Bwana Usukani alipapasa mlango, akaufungua, akashuka, akazunguka gari akiligusa kwa kiganja: taa mpya, boneti, kioo kipya. Alipofika upande wa pili akasimama mbele ya mlango wa mkewe kama abiria anayengoja nafasi. Mkewe akashuka, akahamia nyuma. Ni binti aliyewarudisha nyumbani, yule wa kabati lenye magurudumu, na safari nzima baba yake alikuwa akikanyaga sakafu kwa mguu akitafuta breki.

Jumatatu mtoto alikwenda shule kwa miguu, ameshikwa mkono na bibi yake, na akafika akiwa mzima, bila ufahari wa binti wa waziri. Binti alipomaliza zamu yake alikuja nyumbani moja kwa moja. Baba yake alikuwa uani, amevaa koti, boneti imeinuliwa. Getini alikuwa amesimama Fundi Kesho, aliyenusa habari kama kawaida yake.

"Nasikia gari bado lina shida ya macho, mzee. Mimi nashauri taa za nyuma. Nazifunga leo hii hii."

"Njoo kesho," alisema Bwana Usukani.

Fundi alipokwisha ondoka, akamgeukia binti yake. "Leo nalipeleka gari hospitali ya macho. Nalo haliwezi kwenda peke yake, kwa hiyo nalisindikiza."

"Sawa, baba," alijibu binti, uso umekauka kabisa.

"Njoo hapa." Akampa kile kitambaa. "Hili ni shati langu la harusi."

"Letu," alisema mkewe kutoka mlangoni.

Bwana Usukani alifikiri kidogo. "Letu," alikubali, na nyumba haikuanguka. "Kila asubuhi, kabla ya van yako, unapita hapa. Maji kwanza, gari likiwa baridi, kisha oili. Futa, chovya, ndipo usome. Ikiwa imeshuka, sema imeshuka. Mtu akikuuliza kwa kiburi, usimpe jibu zuri ili afurahi. Umesikia?"

Binti akakifuta kijiti, akakichovya, akakiinua. "Imeshuka, baba."

Bwana Usukani akageuza uso upande aliko mkewe. "Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi tu," alisema mkewe. "Lile lundo la unga wa mbao lilituumiza chini. Kabla ya hapo nilikuwa nafaulu kwa haki."

Wakaongeza oili, wakapanda. Binti akaingia kwenye usukani, baba pembeni yake, mama nyuma na mkoba wake. Walipofika tu kwenye kona ya kichochoro, kiti cha nyuma kikaanza.

"Yule si mchuuzi wa mayai? Ametuona, anashuka kwenye baiskeli. Anaisukuma ukutani kabisa, maskini."

"Mama, nimemwona," alisema binti. "Mimi naona, mama, huna haja ya kutangaza."

"Mwache," alisema Bwana Usukani, mikono yake miwili imeshika magoti. "Wewe shika usukani, na yeye kazi yake ni kutangaza, usimzime. Mimi bado sijamwona."